Sheria ya Kikombe

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimeanza rasmi kazi ya kujitolea katika klabu ya watoto. Nimevaa shati la mikono mirefu na tai. Hakuna mwingine aliyevaa tai. Vizuri! Kiongozi lazima aonekane.

Klabu yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya ofisi ya mtaa. Madirisha mawili, meza ndefu yenye makovu ya msumeno, rafu za makopo ya misumari, harufu ya gundi. Watoto kumi na wanne huja hapo wakitoka shule. Mmoja ni binti yangu wa miaka kumi. Wenzake wanamwita Vipimo, kwa kuwa hatembei bila utepe wa kupimia wa mama yake shingoni. Na mimi, karani mkuu wa stoo kwa miaka ishirini na sita, mstaafu mwenye cheti cha shukrani ukutani, nimepokewa mlangoni kwa jina la Baba Vipimo. Nimelivumilia. Halitadumu.

Anayeendesha mambo ni fundi baiskeli wa barabara ya pili, mama mwenye grisi hadi viwikoni. Wanamwita Mama Spana. Hana ubao. Hana hata fimbo ya kuelekezea. Hafundishi! Anauliza maswali tu. Nimekaa saa nzima nikisubiri aanze kufundisha, saa ikaisha, watoto wakaaga.

Halafu kuna sheria. Mtu mzima akiingia hupewa kikombe cha chai, na ni lazima akishike kwa mikono yote miwili mpaka atoke. Nikadhani ni ukarimu. Kumbe ni pingu! Mama Spana ameeleza kwamba mkubwa mwenye mikono mitupu hawezi kujizuia: mtoto akihangaika na bisibisi dakika moja, anapokonywa. Nimemhakikishia kwamba mimi si mtu wa aina hiyo. Akanitazama, akanibadilishia kikombe, akanipa kikubwa zaidi.

Sasa habari nzito. Jumamosi anakuja Afisa wa Majengo. Ofisi ya mtaa inataka chumba hiki kiwe stoo ya viti vya mikutano. Afisa ataangalia kama watoto wanajifunza jambo la maana. Asiporidhika, viti vinaingia, watoto wanatoka, na chumba kingine hakuna.

Nimekata shauri. Nitaiokoa klabu kwa mikono yangu, na shukrani zao ziwe kunifanya Mlezi Mkuu. Cheo hicho hakipo. Nitakianzisha.

Chai: vikombe vinne.

Jumanne, 5 Mei

Nimepeleka mhadhara: "Gurudumu Tangu Kale Hadi Leo." Kurasa kumi na moja, mwandiko safi. Nilipofika ukurasa wa pili watoto wote walikuwa wamenipa mgongo. Meno ndiye chanzo. Meno ni mvulana wa miaka minane aliyepoteza ya mbele yote mawili kwa wiki moja. Alikuwa amesimamisha gurudumu la baiskeli mezani, analizungusha, na kila likisimama, valvu iko chini. Kila mara! Wakaulizana kwa nini. Wakabandika donge la udongo upande wa pili, wakapunguza, wakaongeza, mpaka gurudumu likawa linasimama popote. Nimekiri moyoni kwamba ilipendeza. Jambo hilo halimo katika kurasa zangu kumi na moja. Nimeliongeza pembeni kwa kalamu, kana kwamba lilikuwepo.

Kisha kuchagua mradi wa Jumamosi. Wazo langu lilikuwa tayari: saa kubwa ya kadibodi, urefu wa mita mbili, rangi ya dhahabu, mishale imeganda saa nne kamili, wakati uleule atakaofika Afisa. Ataiona, atatazama saa yake, atashangaa! Mama Spana amesema ni wazo zuri, lakini kwanza watoto waende kwa majirani wakaulize kinachowasumbua.

Wamerudi na habari za bibi wa jengo la jirani, ghorofa ya tatu. Bibi wa Juu, wanamwita. Magoti yake na ngazi hayaelewani tena. Akinunua kitu hushusha mfuko kwa uzi, uzi unamkata vidole, mfuko unagonga ukuta, na mayai yanamfikia yakiwa yameshapigwa, yanangoja kikaango tu. Aliyesimama kueleza hayo mbele ya watu wote ni nani? Vipimo. Mwanangu! Ripoti yake ya shule kila muhula ni ileile: mpole mno, hanyoshi mkono. Hapa amenyosha mkono, amesimama, ameongea dakika tatu bila kutazama chini. Ilibaki kidogo niweke kikombe chini nipige makofi.

Wamepiga kura. Kikapu cha kupandisha vitu kwa Bibi wa Juu: kura kumi na nne. Saa ya dhahabu: kura moja. Niliipiga mwenyewe.

Chai: vikombe vitano.

Jumatano, 6 Mei

Wamefunga rimu ya baiskeli isiyo na tairi kwenye boriti ya klabu, wakapitisha kamba kwenye mfereji wake, wakaning'iniza kikapu chenye viazi. Jaribio la kwanza, kikapu kilizunguka mpaka viazi vikapata kizunguzungu. La pili, kamba iliruka nje. La tatu, Meno aliachia kamba ajikune pua. Viazi chumba kizima!

Mimi jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo: fundo kubwa zaidi. Nimelisema mara sita. Mama Spana aliwageukia watoto, akawauliza, kama kawaida yake, "Mmeona nini?"

Wakakaa wanafikiri. Nimefanya kazi na wakurugenzi. Sijapata kuona watu wakifikiri vile. Meno akasema kosa si pua yake, kosa ni kwamba kikapu kinategemea pua yake. Vipimo akapima upana wa rimu, akaenda kwenye sanduku la vyuma chakavu, akarudi na breki ya baiskeli. Raba zake zibane rimu kidogo tu, muda wote, ili ukiachia kamba kikapu kisimame hewani badala ya kuporomoka. Fundi mzee angelifikia hilo. Huyu ana miaka kumi na bado analala na taa.

Wakati wanafunga breki niliona kikapu kimepinda. Mikono ilikuwa kifungoni, nikatumia kiwiko. Chai yote kwenye tai. Mama Spana akanijazia tena bila kuniuliza.

Nyumbani mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, ameitazama tai akasema bora nimpe aishonee mfuko wa kuhifadhia majani ya chai. Sikucheka.

Chai: vikombe sita, kimoja cha nje.

Alhamisi, 7 Mei

Kinafanya kazi! Kikapu kinapanda, kinashuka, ukiachia kamba kinatulia palepale. Mayai sita ya majaribio yamepanda na kushuka mara kumi bila ufa. Watoto hawakuruka wala kupiga kelele, waliandika. Wana daftari lao, Daftari la Kwa Nini, na kila uamuzi lazima uandikwe humo pamoja na sababu yake, kwa zamu, mwandiko wa kila mtu. Nilitaka kuwakumbatia wote kumi na wanne. Mikono, bahati mbaya, ilikuwa na kazi.

Ila kasoro iko moja. Kinalia! Kikapu kikienda tu, rimu inapiga mlio wa kukereketa meno. Mlio wa mlango wa stoo yangu ya zamani, ule niliouandikia barua nne. Afisa atasikia vile afikirie nini? Takataka! Nimemwambia Mama Spana kwamba tone la mafuta litamaliza aibu hii. Amesema kila kitu kimeandikwa kwenye Daftari la Kwa Nini, nisome kwanza, kisha nizungumze na watoto.

Mimi nisome daftari lenye picha za vikapu vyenye macho na nyusi? Nimesoma leja za stoo miaka ishirini na sita. Nimetabasamu, nimeendelea na chai.

Kwa upande wa uongozi mambo yanakwenda vizuri. Nimeandika bango kwa rangi nyekundu: "MRADI HUU UMEFANYIKA CHINI YA UONGOZI WA MLEZI MKUU." Vipimo amelisoma akauliza Mlezi Mkuu ni nani. Nikamwambia atamjua Jumamosi.

Chai: vikombe vitano.

Ijumaa, 8 Mei

Saa kumi alasiri. Watoto wamemaliza jaribio la mwisho, wametoka kwenda kunawa mikono bombani. Mama Spana yuko nje anafunga ngazi. Mimi peke yangu na rimu. Nimeweka kikombe dirishani.

Mfukoni, kwa bahati, nilikuwa na chupa ya mafuta ya cherehani ya mke wangu. Bahati niliyoipanga tangu asubuhi. Nimepaka rimu upande wa kulia, nikapaka wa kushoto, nikazipa raba za breki tone moja moja, kisha nikaongeza ili zisionee wivu rimu. Nimezungusha. Kimya! Laini! Nimejipongeza kwa sauti.

Meno ameingia ghafla kuchukua viatu. Ameniangalia mikono, akauliza kikombe changu kiko wapi. Nimemwambia kinapumzika. Amekaa akiifikiria hiyo, kisha akaondoka na kiatu kimoja.

Mke wangu ameuliza chupa yake ya mafuta iko wapi, cherehani inamgomea. Nimesema sijui, labda yamekauka. Nimepaka kwa ajili ya watoto. Nimelala mapema, roho nyeupe.

Jumamosi, 9 Mei

Nitaandika yote.

Asubuhi Mama Spana alifunga rimu kwenye roshani ya Bibi wa Juu, maana kazi za kupanda huko ni za wakubwa. Vipimo akabaki juu na bibi. Wengine uani. Chini ya kamba walichora duara la chaki: hakuna mtu wala kitu kuingia ndani. Mimi nikaona hapo ndipo macho yote yatakapoelekea. Nikasimamisha bango langu katikati.

Saa nne Afisa akafika, bwana mfupi mwenye utepe wa chuma kiunoni. Kwanza akaingia klabuni, akapima urefu, akapima upana, akaandika. Nilichungulia begani. Viti mia mbili na arobaini! Akaja uani akasema ana robo saa.

Nilishauri tuanze na mayai moja kwa moja ili tumshangaze. Meno akagoma. Kwanza mfuko wa mchanga, akasema, kila mara, hata kama kilifanya kazi jana. Wakaweka mfuko, wakavuta. Mfuko ukapanda polepole bila mlio hata mdogo. Nikamwinamia Afisa, nikamnong'oneza kwamba ulaini ule hautokei hivi hivi, ni matunda ya uongozi.

Sauti ya mwanangu ikatoka juu. "Simamisheni. Hakilii."

Meno akaachia kamba breki ibane, kama walivyozoea. Breki haikubana. Mfuko ulishuka moja kwa moja kwenye bango langu na kupasuka. Mchanga kila mahali, mpaka kwenye chai yangu. Hakuna aliyeguswa, kwa sababu ya lile duara la chaki. Kwenye bango yalibaki maneno mawili tu: "CHINI YA."

Afisa akafunga daftari lake. Nilijua basi, viti hivyo vinakuja. Nikawaza mwanangu atarudi kuwa yule wa kwenye ripoti.

Na watoto? Hawakulia. Hawakulaumiana. Mama Spana alishusha rimu, akaiweka kwenye meza iliyotolewa uani, akarudi nyuma, akachukua kikombe chake kwa mikono miwili. Niliona vidole vyake vilivyokibana kwa kutaka kugusa. Hakugusa. Mama yule ana moyo wa chuma. Watoto wakaizunguka rimu mmoja mmoja. Meno akapitisha kidole, kikateleza. Akanusa. Akampa mwenzake anuse. Vipimo akashuka ngazi mbio, akanusa.

"Ni mafuta ya cherehani," alisema. "Nayajua. Yapo nyumbani."

Kisha akanitazama. Mimi nikatazama chai.

Afisa akauliza ni nani aliyefanya hivyo. Hapo mwanangu, asiyenyosha mkono, akainua uso kwa yule Afisa.

"Hapa hatuulizi nani," alisema. "Tunauliza kwa nini kimeanguka. Kujua nani hakutusaidii kukitengeneza."

Nilitaka kusema ni mimi. Naapa! Nilifungua mdomo, nikaogopa, nikaishia kunywa chai. Nimemeza mchanga wote.

Afisa akafungua daftari tena. Watoto wakaosha rimu kwa maji moto na sabuni, wakasugua raba kwa msasa, wakakausha, wakabishana, wakaandika. Mama Spana alimpa Afisa kikombe. Mara mbili nilimwona bwana yule anataka kuuchukua ule msasa, mara mbili akajikumbuka. Aliuliza maswali, na kila mtoto aliyeulizwa alimwonyesha, hakumkariria. Utepe wake wa chuma alimwazima Vipimo. Robo saa ile ilikwisha, na saa nzima juu yake, yeye bado yupo amekaa juu ya ndoo.

Mfuko mpya wa mchanga. Vuta. Ukapiga mlio! Ule mlio mbaya, uliosikika hadi barabarani. Achia kamba. Ukatulia hewani. Ndipo wakaweka mayai sita, na kikapu kikapanda kinalia ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kabla hakijafika, Bibi wa Juu alikuwa ameshanyosha mkono mahali penyewe hasa. Ndipo nikajua kwamba haoni vizuri. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, na sote tukamsikia.

"Nikikisikia kinalia, najua kuna mtu huko chini amenikumbuka."

Afisa amesema mashine zisizoharibika ameziona nyingi. Watoto wanaojua kwa nini imeharibika ndio hajapata kuwaona. Viti vitatafutiwa pengine. Chumba ni cha klabu. Mama Spana aligeukia ukuta kidogo akajipangusa macho, akabaki na grisi shavuni. Mimi nilijipangusa kwa tai.

Jioni Vipimo ameweka Daftari la Kwa Nini kando ya sahani yangu, limefunguliwa. Mwandiko wake: "Mlio: tusiutoe. Bibi haoni vizuri, atausikia. Pia mlio ukikosekana, ujue breki haibani." Ameendelea kula. Nimesoma mara tatu. Nimeona aibu, nimeona na fahari, vyote kwa pamoja, sijui vilitoshaje kifuani. Nimemwambia mwandiko wake ni mzuri. Nilikuwa na mengine ya kusema.

"Najua, Baba," amesema, akanisogezea chumvi.

Sikuhesabu chai.

Jumapili, 10 Mei

Nimelala vizuri na sasa naona mambo kwa utulivu. Hebu tufikiri. Nisingepaka mafuta, kikapu kisingeanguka. Kisingeanguka, Afisa angeona kikapu tu, robo saa, kwaheri, viti. Alichopenda ni vile watoto walivyotafuta kosa. Kosa lilitoka wapi? Basi aliyeokoa chumba anajulikana! Nimemweleza mke wangu hesabu hii akiwa na pini mdomoni. Amecheka mpaka zikamwanguka, na ameomba chupa yake. Nimesema bado naitafuta.

Mchana tulikwenda klabu kufagia mchanga. Nilipofika watoto walikuwa wamepanga mstari. Wana zawadi yangu! Wameitengeneza wenyewe asubuhi: kikombe cha bati, kingo zimekunjwa vizuri, hakikwaruzi, kina mishikio miwili mikubwa ya chuma cha baiskeli, na kwenye kila mshikio kuna mkanda wa ngozi wenye kifungo. Pembeni wametoboa kwa msumari herufi zilizonyooka: BABA VIPIMO. Vipimo ndiye aliyepima mikanda, kwa kuzungushia utepe vifundo vya mikono yangu nilipokuwa nimelala. Inatosha kabisa.

Kikombe chenye mishikio miwili hupewa mabingwa, dunia nzima inajua! Mikanda nadhani ni ya sherehe. Na jina hilo, nikilitazama limetobolewa hivyo, naliona lina uzito kuliko Mlezi Mkuu. Mama Spana amesisitiza nianze kukitumia kesho mapema, kikiwa na chai, mikanda ikiwa imefungwa. Unyenyekevu wa mama huyu! Nani anakunywa chai kwenye kombe la ushindi? Nimekiweka juu ya kabati la sebuleni, karibu na cheti cha stoo. Vipimo amekitazama pale juu, akanitazama mimi, akaenda kupima kabati.

Wameshaanza mradi wa pili: kopo la kumwagilia miche ya shule tone kwa tone wakati wa likizo, ili isife kwa kiu. Kazi safi sana, nimelishika nikaligeuza, nikastaajabu. Isipokuwa kitu kimoja. Chini kabisa wameacha tundu. Dogo, lakini nimeliona. Watoto ni watoto, wamesahau kuliziba! Maji yote yatatoka. Daftari la Kwa Nini lilikuwa hapo mezani, sikuona haja ya kulifungua. Kesho nitawahi kabla ya wote. Gundi nimeshaitia mfukoni, kombe liko kabatini, na mikono yangu yote miwili iko huru.